Tupeane uzoefu: deli lipi la kutunzia baridi lilikuvumilia safarini, na lipi lilikuaibisha?

Wakuu, kwema?

Pasaka iliyopita tulitoka Dar familia mbili kwenda kulala hemani Mikumi. Deli nilikuwa nimelinunua Kariakoo: la buluu, lita 50, lina tairi na mkono wa kuvutia kama begi la uwanja wa ndege. Chalinze tukasimama kuchimba dawa, shemeji akaona ndiyo kiti. Nikasikia "ta!" Bawaba zote mbili za plastiki zimekatika, mfuniko umebaki mkononi kama sinia.

Tukalifunga kwa mpira wa kufungia mizigo, safari ikaendelea. Tumefika kambini saa kumi jioni, barafu imeshakuwa maji, nyama kilo tano inaelea, na damu ya kuku imeingia kwenye matango. Tukaichoma yote usiku ule ule. Watoto walikula mishikaki hadi wakaikimbia, kesho yake maharage.

Desemba tunataka kwenda Saadani siku tatu. Sitaki matangazo ya duka. Nataka mtu aseme nililinunua, nikalitumia, likafanya hivi. Nani anaanza?

Mpishi wa safari, Arusha

Naanza mimi, maana nimelala na madeli kuliko nilivyolala na mke wangu. Napika kambini mwaka wa kumi na moja huu.

Mkuu, watu wanaangalia unene wa ukuta, wanasahau mfuniko. Deli linakufa kuanzia juu. Cha kwanza bawaba, cha pili mikono ya kubebea, cha tatu ule mpira unaozunguka mdomo. Kule Serengeti, barabara ya kutoka geti la Naabi kwenda Seronera ina mikunjo kama bati. Siku moja nilifungua deli nikakuta skrubu tatu zimelala chini ya chupa za soda. Kwa hiyo nataka bawaba yenye pini ndefu ya chuma kisichoshika kutu, na mikono ya kamba, kwa sababu kamba ikikatika naibadilisha mwenyewe.

Dukani fanya hivi. Chukua karatasi, hata risiti, iweke ukingoni, funga mfuniko, kisha ivute. Ikichomoka kirahisi, baridi nayo itachomoka hapo hapo. Rudia pande zote nne, hasa kwenye kona. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Sasa nisikilize kuhusu fisi. Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Mwaka wangu wa pili kazini nilichoka, nikaliacha deli nje chini ya meza. Usiku nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye changarawe, krrr, kinasimama, kinaburuzwa tena. Hakuna aliyetoka hemani, na wewe usingetoka. Asubuhi tukalikuta nyasini, mfuniko hauna kona moja, siagi imekwenda na karatasi yake. Mashimo ya meno yalikuwa yanaingia kidole changu kidogo. Tangu hapo deli linalala ndani ya jiko lenye wavu au ndani ya gari.

Kuna mteja alituachia moja la Marekani, YETI. Kiwiliwili chake ni kipande kimoja: unga wa plastiki unayeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa, kwa hiyo hakuna kiungo cha kuachia. Kwao madeli ya aina hiyo wanayapima kwa kuwapa dubu huko West Yellowstone, Montana. Dubu akihangaika dakika 60 bila kulifungua, limefaulu, ila liwe limepigwa kufuli. Fisi hawajaulizwa. Ni zuri kweli, lakini likiwa tupu tu lina zaidi ya kilo kumi. Ukilijaza, mtafute wa kukusaidia.

Mchuuzi wa samaki, Mafia

Mimi natumia lile boksi jeupe jepesi linalokatika kama mkate mkavu, nalivisha gunia kwa nje. Linafika Nyamisati, bandari ya upande wa bara, salama. Kwa matembezi ya familia silishauri, mtoto mmoja akilikanyaga limekwisha.

Nachangia barafu. Chukueni bonge, si ya kusaga. Bonge lina uso mdogo unaokutana na joto, linakaa. Nguvu yote iko kwenye kuyeyuka: kilo moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza joto ambalo lingetoa kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Ikishakuwa maji, kazi kubwa imeisha. Ndiyo maana mimi namwaga maji, samaki akilowa anapoteza ladha na nyama inalegea.

Mpishi wa safari, Arusha

Hapo kwenye kumwaga tunapishana, ndugu yangu. Kwenye deli la vinywaji siyamwagi, maji yale bado ni baridi na yanaizunguka chupa yote. Ukiyatoa, nafasi yake inaingia hewa ya moto.

Mchuuzi wa samaki, Mafia

Soda sawa. Samaki hapana.

Niko Maskati

Huku majira ya baridi watu wanalala mchangani Sharqiya. Usiku poa, mchana mchanga unachoma, na deli likikaa chini linapikwa kuanzia kitako. Tunaliweka juu ya mbao, kivulini, na kulifunika shuka jeupe. Nagandisha chupa za maji za lita moja na nusu badala ya kununua barafu. Zikiyeyuka tunakunywa, na hakuna kinacholowa. Usiku wa kuamkia safari naliwekea barafu ya kulipoza tu, asubuhi naitoa napanga upya. Na tuna madeli mawili: la vinywaji linafunguliwa kila dakika, la nyama mwenye ruhusa ni mimi peke yangu.

Naivasha hapa

Ninyi mwaogopa fisi, sisi ni tumbili. Anakaa, anakuangalia ukifungua, ukienda anafungua vivyo hivyo. Nunua lenye tundu la kufuli.

Mama wa wanne, Morogoro

Nyongeza fupi. Nasafiri na mama, anatumia insulini. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika. Naifunga kwenye taulo ndani ya kopo, mbali na barafu, na kipimajoto kidogo pembeni.

Mwenye uzi

Nimerudi, wakuu. Jumamosi nilizunguka na risiti ya mafuta. Kwenye madeli manne ilichomoka, kwenye la tano ikachanika. Ni jeupe, bawaba za chuma, lina tundu la kufuli, halina tairi.

Shemeji nimemnunulia kigoda.