Jina tulilomwekea mtoto limekataliwa na marehemu mwenyewe: naomba ushauri kabla ya siku ya saba

Mzazi_wa_Mwambao

Ndugu zangu, asalaam aleykum, na kwa wengine habari za leo. Mtoto wangu wa kike ana siku nne tangu azaliwe na bado hana jina, ingawa kwa miezi minne nzima alipokuwa tumboni tulikuwa tukimwita kwa jina moja tu.

Tulipoambiwa kwamba ni msichana, mimi na mume wangu tulikubaliana kumpa jina la marehemu mama yake, aliyekuwa akiitwa Tabu. Hapa Tanga jina hilo si geni. Mume wangu hakulipendea maana yake, alilipendea mwenyewe aliyeitwa hivyo, na siku moja aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: katika vyeti vyetu mtoto huandikwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, kwa hiyo mwanamke aliyezaa na kulea watoto watano wa kiume hatajwi popote katika karatasi za wajukuu zake, isipokuwa mmoja wao afanywe somo yake, yaani apewe jina lake. Tangu siku hiyo sikutaka jina lingine.

Juzi Mama mdogo wa mume wangu, ambaye ni mdogo wake marehemu na ndiye mzee pekee aliyebaki upande huo, alikuja kutoka Pangani kumwona mjukuu. Alipoambiwa jina alinyamaza, akanirudishia mtoto mikononi, kisha akasema kwamba hawezi kuondoka bila kufikisha amana. Marehemu alipokuwa mgonjwa alimwomba asikubali mjukuu yeyote aitwe Tabu. Alizaliwa baada ya mama yao kukaa na uchungu siku tatu, na tangu utotoni kila alipougua au alipovunja chungu aliambiwa kwamba huyo alikuja na tabu yake. Alivumilia maisha yake yote, lakini alitaka jina hilo liishie kwake.

Mume wangu hakubisha, ila tangu hapo hazungumzi sana. Kaka yake mkubwa anasema kwamba maneno ya marehemu yasiyo na shahidi wa pili hayawezi kuwanyima wana jina la mama yao. Mbuzi wa akika, sadaka ya kuchinja kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, amekwisha kununuliwa na siku ya saba ni Jumatano. Je, tulishike jina letu au tuliache? Na tukiliacha, tutalipataje jingine la kumkumbusha bibi yake, ilhali kila jina ninalolitamka sasa naliona kama la mtoto wa jirani?

Mjukuu_wa_Maalim

Hongera kwa uzazi, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amkuze mtoto katika kheri. Kwanza nikutoe hofu ya siku. Siku ya saba ni sunna ya akika, kunyoa nywele na kutoa sadaka ya fedha (madini) yenye uzito wa nywele hizo, na ni siku nzuri ya kutaja jina, lakini si mwisho wa muda. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa mwanawe jina la Ibrahim usiku ule ule aliozaliwa, na wanazuoni wengi wanaona kwamba akika iliyopita siku ya saba inaweza kufanywa baadaye. Msichague jina kwa kukimbizwa na mbuzi aliyefungwa uani.

Pili, kuhusu maana. Imepokewa katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim kwamba Mtume alimbadilishia binti wa Umar jina la Asiya, lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. (Huyo si Asia mke wa Firauni, katika Kiarabu hayo ni majina mawili tofauti, ingawa sisi tunayatamka karibu sawa.) Na katika kitabu kingine cha hadithi, cha Bukhari, mna habari ya mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, ambaye Mtume alimpendekezea jina la Sahl, yaani wepesi, naye akakataa akisema kwamba habadilishi jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alisema kwamba ugumu huo haukuwaondokea baadaye. Nikiisoma habari hiyo kisha nikimkumbuka mama mkwe wako, naona kwamba alichokiomba kina mashiko, hata kama hakuwa na shahidi wa pili. Kaka mtu anadai ushahidi kana kwamba hii ni kesi ya shamba, na mimi sioni mzee angepata faida gani kwa kulizua neno kama hilo.

Pendekezo langu ni Yusra, neno lile la wepesi lililomo katika Surat Ash-Sharh, aya ya 5 na ya 6, tunaposomewa kwamba pamoja na uzito upo wepesi. Kila atakapoitwa, anayejua atakumbuka ni wepesi uliofuata tabu ya nani.

Shida_binti_Mzee

Mimi si mgeni wa suala hili, kwa kuwa Shida ndilo jina langu la cheti, si la kujipachika humu. Nina miaka hamsini na mitatu, na ninaomba nisikike kabla hatujakubaliana kwamba majina ya namna hii ni mzigo kwa kila anayeyabeba.

Nilizaliwa mwaka ambao baba yangu alipoteza kazi ya mkonge, na mama yangu alinieleza mapema, kwa upendo mwingi, kwamba mimi ndiye niliyewapa sababu ya kuendelea walipokuwa shidani. Kwangu jina hili ni kumbukumbu ya walichokivuka. Shuleni walinicheka mwezi mmoja, kisha wakazoea. Akina Mashaka, Masumbuko, Siwema na Sikujua niliosoma nao walikuwa watoto kama wengine, na ninasikitika ninapoona majina haya yakitupwa na kubadilishwa na mengine yaliyookotwa mtandaoni ambayo hata mzazi hawezi kuyaeleza maana yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba huko Unguja mwaka 1880, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa, na la Siti lilimjia ukubwani. Sauti yake ilikuwa ile ile kabla na baada.

Hata hivyo, mwanangu, nimeirudia habari yako mara tatu, na nimeona tofauti kati yangu na mama mkwe wako. Mimi jina nilielezwa, yeye alisimangwa nalo. Mama yangu alinipa sababu ya kulipenda, ilhali wao walilitumia kumkumbusha kosa ambalo hakulitenda. Kwa hiyo, mimi ninayeitwa Shida na nisiyetaka kuitwa vingine, ninakushauri uliache jina la Tabu. Ukilishikilia, utakuwa unamheshimu mama mkwe kwa kitu alichokiomba kiondoke.

Mama_Kulwa_wa_Shinyanga

Pole kwa mtihani huo na hongera kwa mtoto. Kwetu Usukumani mambo mengine yamerahisishwa, kwa sababu mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Jina humsubiri mtoto, wala hakuna kikao. Nilipozaa mapacha sikuulizwa chochote. Pale ambapo wazazi wana uhuru wa kuchagua, naona ni vyema mume wako asikilizwe kwanza, kwa sababu wewe umenyimwa jina, lakini yeye ni kama amefiwa na mama yake kwa mara ya pili.

Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi ya kumbukumbu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia karatasi tu. Angalieni tangazo la kizazi mliloandikiwa hospitalini. Ikiwa limeandikwa jina la Tabu, ombeni lirekebishwe sasa, kabla hamjaomba cheti cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa kuwa kusahihisha tangazo ni kazi ndogo kuliko kubadilisha cheti kilichokwisha kutoka. Mna siku 90 tangu kuzaliwa kabla usajili haujahesabiwa kuwa wa kuchelewa, hivyo hata mkitafakari wiki mbili zaidi hamtaharibikiwa na kitu.

Jambo la pili ni tahajia. Mkichagua Yusra, kaeni na mume wako mwamue kama ni Yusra au Yusrah, kisha kadi ya kliniki, cheti na baadaye shule viandikwe kwa herufi zile zile. Nimewaona watu wazima wakihangaika kula kiapo kwa wakili kwa sababu ya herufi moja ambayo muuguzi aliiongeza na mzazi hakuisoma.

Nyanya_wa_Amu

Mwanangu, nakusalimu kutoka Lamu. Wote waliotangulia wamesema vyema, nami sitaongeza jina jingine juu ya hayo, kwa sababu naona kuna mtu mmoja ambaye bado hajaulizwa vya kutosha.

Mama mdogo amekufikishieni lile ambalo dada yake hakulitaka. Je, mmemuuliza alilitaka lipi? Mwanamke mgonjwa anapoita mdogo wake na kumwachia maneno kuhusu majina ya wajukuu, si kawaida akasema nusu. Huku kwetu tunamkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mwaka 1858, akiwa katika maradhi, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha, na wazee wetu waliuhifadhi kwa moyo. Wanawake wetu wakiona safari imekaribia, huacha neno, na mara nyingi huliacha kwa mwanamke mwenzao, nalo hukaa hapo mpaka aulizwe.

Mpigieni simu, au afadhali mume wako aende Pangani mwenyewe, peke yake, akae na mama yake mdogo. Asiende kubishana juu ya jina la Tabu. Aende kuuliza mama yake alikuwa akiwaita kina nani kwa mapenzi, alimpenda rafiki yupi, alikuwa na jina gani la utani alipokuwa msichana.

Mzazi_wa_Mwambao

Nawashukuru nyote. Bi Shida, maneno yako nilimsomea mume wangu usiku, na nilipofika pale uliposema kwamba mama yake alisimangwa na jina, aliomba nirudie. Shekhe, jina la Yusra limetuingia sana, na jana tulilala tukiwa tumekwisha kuliamua. Leo asubuhi, kwa ushauri wa Nyanya wa Amu, mume wangu amepanda basi la Pangani.

Mzazi_wa_Mwambao

Ninarejea, kwa kuwa niliona si haki kuwaacha bila habari.

Mume wangu alirudi jana jioni. Mama mdogo alimwambia kwamba marehemu alitamani sana binti, na kwamba katika mimba zake zote tano aliandaa jina moja tu la kike, Zuhura. Kila alipozaa mvulana alimwambia mdogo wake, "Zuhura amechelewa." Baada ya wa tano aliacha kulitaja, na hakuna hata mmoja kati ya wanawe aliyewahi kulisikia. Mama mdogo alipoulizwa kwa nini hakusema siku ile alipokuja, alijibu kwamba aliagizwa kuzuia jina, hakuagizwa kutoa, na aliona aibu kuwachagulia wazazi.

Kaka mkubwa alipopigiwa simu alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama Zuhura ndiye ambaye mama yao alikuwa akimtaja katika dua. Yeye alikuwa akidhani ni jirani aliyefariki. Baada ya hapo hakuzungumzia tena habari ya mashahidi.

Kwa hiyo mtoto ni Zuhura, kwa herufi sita kama nilivyoziandika hapa, na tangazo la kizazi, ambalo kwa bahati lilikuwa limeachwa wazi mahali pa jina, limejazwa hivyo leo mchana. Yusra tumeliweka, Inshallah, kwa atakayefuata. Kesho saa mbili asubuhi mbuzi atachinjwa, na Mama mdogo, aliyefika tangu alasiri na sasa amelala chumba cha pili, ameomba yeye ndiye ampakate mtoto wakati wa kunyolewa.