Nembo ya rejimenti ya Marekani iliyochapwa kwa wino mweusi: rangi zinasomwaje?

mdarizi_wa_bega
Wakuu, habari. Nina mchoro wa nembo ya rejimenti ya askari wa miguu wa Marekani, umechapwa kwa wino mweusi mtupu. Ngao imejaa mistari myembamba ya kulala. Inakatwa na mshazari (mkanda mpana wa kukata ngao kwa pembe) wenye nukta nukta, na juu ya mshazari huo kuna mayungiyungi matatu ya Kifaransa yenye mistari ya kusimama. Juu ya ngao kuna msokoto (kitambaa kilichosokotwa kama kamba), na juu yake amesimama mtu mwenye bunduki, hana mstari wala nukta. Nataka kuidarizi kwa kimo cha sentimita 9. Nitumie nyuzi za rangi gani, na alama hizi zina maana gani? Halafu maelezo yanasema mshazari unaanzia "kulia juu", ila mimi nauona unaanzia kushoto. Au mchoro umegeuzwa?

ngao_na_utepe
Haujageuzwa. Kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyeishika, na wewe unamtazama kwa mbele. Ukiugeuza, utakuwa umedarizi nembo nyingine kabisa.

Hiyo mistari si urembo, ndiyo rangi zenyewe, na utaratibu huu unatumika tangu karne ya 17. Nukta ni dhahabu. Patupu ni fedha. Mistari ya kusimama ni nyekundu, ya kulala ni bluu. Mistari ya mshazari inayoanzia kushoto kwako juu ikishuka kulia ni kijani, ikielekea kinyume chake ni zambarau. Ya kusimama na ya kulala ikipishana ni nyeusi. Kwa hiyo yako ni ngao ya bluu, mshazari wa dhahabu, maua mekundu.

Kinachoponza wengi ni fotokopi. Nukta zinafutika, dhahabu inageuka fedha, na kosa halijulikani kwa sababu zote mbili ni metali (kwenye nembo dhahabu na fedha huitwa metali, nyingine zote huitwa rangi) na zinakubalika mahali palepale. Angalia kwa kioo cha kukuza. Kosa la rangi ni rahisi zaidi kulinasa: kanuni ni kwamba rangi haikai juu ya rangi, wala metali juu ya metali. Ungekuta ua jekundu limekaa moja kwa moja kwenye bluu, shuku macho yako kwanza. Zipo nembo zinazovunja kanuni hiyo, ila ni chache.

Na huyo mtu wa juu usimfanye wa fedha! Kwenye mtu, mnyama au mti, kukosa mistari mara nyingi ni kwamba amepewa rangi zake za asili. Soma maelezo ya maandishi kabla ya kushika uzi.

kombania_B
Huyo mtu ndiye ufunguo. Mlinganishe na sanamu ya Kapteni John Parker, aliyeongoza wanamgambo kwenye mapigano ya kwanza ya vita vya uhuru wa Marekani, iliyoko Lexington, Massachusetts. Akiwa ndiye, basi rejimenti ni ya Jeshi la Akiba, maana rejimenti zake zinamtumia huyohuyo. Za Walinzi wa Taifa hubeba alama ya jimbo lao, na za jeshi la kudumu kila moja ina ya kwake.

Msokoto una mapindo 6, metali na rangi kwa zamu, ukianza na metali kushoto kwako: dhahabu, bluu, dhahabu, bluu, hadi mwisho. Nakala za mitaani huweka 5 au 7, ni makosa.

Maana sasa. Bluu ni askari wa miguu (wapiga mizinga ni nyekundu, wapanda farasi njano). Yungiyungi ni utumishi Ufaransa. Matatu yanaweza kuwa kampeni tatu, au ni mpangilio tu wa kujaza mshazari, kwa hiyo usikisie. Ungekuta dungusi, ni mpaka wa Mexico. Ngome ya pembe 5 ni Cuba ya 1898.

Alama hufuata historia, na historia huweza kuigeuka. Divisheni ya 45 ya Marekani ilivaa swastika ya njano kwenye mraba mwekundu, alama ya kale ya wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Wanazi walipoichafua, mwaka 1939 akawekwa ndege wa radi, ndege wa hadithi za wenyeji wa asili. Mraba na rangi vilibaki vilevile.

mdarizi_wa_bega
Nimelinganisha, ndiye Parker. Bluu ipi sasa? Na uzi wa dhahabu unanikatikia.

sindano_nene
Sheria ya nembo inasema "bluu" tu, ila chagua iliyoiva, usichukue ya anga. Dhahabu weka njano, kwenye nembo ni kitu kimoja. Ukiushikilia uzi wa metali, tumia sindano namba 90 na upunguze kasi ya mashine.

Anza na uwanja (bluu ya ngao), kisha mshazari, maua baadaye. Kila tabaka liingie chini ya lenzake kama nusu milimita, maana kitambaa huvutwa na utaona ufa mweupe pembeni. Kama kuna utepe wa kaulimbiu, herufi zake zisipungue kimo cha milimita 5, la sivyo matundu ya A na O yanaziba. Uso wa Parker uache bila macho wala mdomo. Bunduki yake ishone mwisho kabisa, ukiitanguliza itamezwa na koti.