Mrejesho: Imeji ya flopi imefunguka

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu imeji (faili lenye nakala kamili ya diski) ya flopi ya DOS ya MB 1.44: majina ya mafaili yote yanaonekana, lakini mengi ukiyafungua yanakatika njiani. Mlinishauri nilinganishe kwanza nakala mbili za FAT (jedwali linaloonyesha vipande vya kila faili viko wapi kwenye diski), na tatizo lilikuwa hapo hapo.

Niliandika skripti fupi ya Python inayosoma baiti 4,608 kuanzia nafasi ya 512, kisha 4,608 nyingine kuanzia 5,120, na kuonyesha kila zinapotofautiana. Nakala ya kwanza ilikuwa na sekta (vipande vidogo vya diski) mbili zilizojaa sifuri tupu. Ya pili ilikuwa nzima, inaanza na baiti F0 FF FF kama inavyotakiwa. Nikaitunza imeji halisi pembeni, na kwenye kopi nikaiandika FAT ya pili juu ya ya kwanza. Mafaili yakafunguka, pamoja na kodi ya Pascal niliyoihitaji sana!

Faili moja bado bovu kwa sababu sekta zake zenyewe hazikusomeka. Hapo FAT haisaidii kitu. Nitaisoma flopi upya kwa drivu nyingine.

Mkuu uliyenikataza kuanza na CHKDSK (programu ya kukagua na kurekebisha diski), asante sana. Ingefupisha mafaili yale moja kwa moja.