Halloween ya 2007: Rob Zombie aliiongezea nguvu au aliivua kinyago?

Mkaa Gizani (swali)

Ndugu wanajukwaa, salamu. Juma hili nimetazama filamu mbili za kutisha za Halloween kwa mfululizo: ile ya mwaka 1978 iliyoongozwa na John Carpenter, na ile ambayo Rob Zombie aliitengeneza upya mwaka 2007. Ya kwanza ina damu kidogo sana, lakini usiku ule nililala taa ikiwaka. Ya pili inamwaga damu tangu mwanzo, na nilipoimaliza nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoogopa. Hata hivyo sitaki kuihukumu kwa haraka, kwa sababu matukio ya utoto wa Michael Myers, yule muuaji mwenye kinyago, yameniingia akilini na hayajatoka. Walioitazama kwa makini wanisaidie: uzuri wake uko wapi, na ilipotea njia wapi?

Fundi Taa

Ndugu Mkaa, kilichokuchosha ni kwamba ulitazama filamu mbili zilizoshonwa pamoja. Ile ya mwanzo ni ya Zombie mwenyewe, nayo ni nzuri. Michael, ambaye kwa Carpenter alikuwa na miaka 6, hapa ana miaka 10. Mama yake ananengua klabuni usiku ili watoto wapate kula, baba wa kambo ni mlevi asiyejua kusema bila kutukana, na shuleni mtoto anadhihakiwa kwa sababu ya kazi ya mama. Sheri Moon Zombie, katika nafasi ya huyo mama, anaigiza kwa utulivu ambao sikuutarajia. Zile ziara zake katika hospitali ya wagonjwa wa akili alikofungiwa Michael baada ya kuua, mtoto akiendelea kutengeneza vinyago vya karatasi huku maneno yakimpungua mpaka akanyamaza kabisa, zinatisha kwa huzuni tu, bila kisu.

Kisha inaanza filamu ya pili, ambayo ni ya Carpenter iliyokimbizwa. Carpenter alikuwa na takriban dola 300,000 tu, lakini alikuwa na subira: Laurie, msichana anayewindwa na Michael, anatembea, anaona mtu kando ya ua wa miti, anatazama tena, hayupo. Zombie, pamoja na dola zake milioni 15, anamfikia Laurie wakati muda umekwisha kuliwa na utoto wa muuaji, kwa hiyo wasichana wanauawa kabla hatujawafahamu vya kutosha kuwahurumia.

Binti wa Kisimani

Nakubaliana na Fundi Taa kuhusu haraka, ila kwangu kosa kubwa ni lile lile analolisifu. Bibi alipotusimulia habari za zimwi hakutueleza lilinyonyeshwa na nani, wala kama lilipigwa utotoni. Lilitoka porini na lilikuwa na njaa, basi. Michael wa 1978 ni wa namna hiyo. Hata kinyago chake, ambacho kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyopakwa rangi nyeupe, hakina chochote cha kusomeka. Ukishanionyesha machozi yaliyo nyuma ya kinyago, namwonea huruma, na ninayemwonea huruma siwezi tena kumwogopa kwa namna ile ile.

Kuna jambo moja linanichekesha. Hapa Michael anamjua Laurie kuwa ni mdogo wake, na badala ya kumuua anampeleka kwenye nyumba yao ya zamani na kumwonyesha picha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha!

Mzee wa Safu ya Tatu

Binti, hoja yako ni nzito, lakini Zombie angefanya nini? Kunakili kitisho cha Carpenter kusingekuwa na maana, kwa kuwa filamu ile ipo na haijachuja. Alichoongeza ni uzito wa mauaji yenyewe. Tyler Mane, anayemwigiza Michael mkubwa, ni pande la mtu, anavunja milango kama anayepasua maboksi, na waathirika wake wanalia kwa muda mrefu, jambo ambalo filamu nyingi za aina hii hulikwepa. Mtazame Annie, rafiki wa Laurie, aliyeigizwa na Danielle Harris, ambaye akiwa mtoto alikuwa mhusika mkuu wa Halloween ya nne na ya tano. Katika filamu ya 1978 Annie anakufa. Hapa anaachwa hai, na hali anayokutwa nayo na baba yake inauma kuliko kifo.

Nisichoweza kukitetea ni lugha. Kila mhusika anatukana kwa sauti ile ile, kana kwamba mji mzima wa Haddonfield ulilelewa na yule baba wa kambo. Vilevile, Ndugu Mkaa, ulitazama toleo lipi? Katika lile refu Michael anatoroka baada ya walinzi kumbaka mgonjwa mbele yake, tukio lisilo na kazi yoyote katika hadithi. Katika lile la majumba ya sinema anatoroka wakati wa kuhamishwa.

Mkaa Gizani

Nilitazama hilo refu, Mzee wangu, na tukio hilo ndipo nilipotaka kuizima. Nitalitafuta la majumba ya sinema, kisha nitarudi kumjibu Binti kuhusu zimwi lake, maana hapo bado sijashawishika.