Ukuta wa sebuleni nataka uonekane kama jiwe la marumaru, nianzie wapi?

mama_shangani
Habari za jioni wadau. Niko Mtwara mjini huku Shangani, nina ukuta mmoja ule wa nyuma ya tivii nataka ufanane na jiwe la marumaru, nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Jiwe lenyewe siliwezi na fundi niliyemuita kataja hela ndefu kweli kwa kuchora tu, nikasema basi nafanya mwenyewe. Ukuta una plasta, skimu (lile tabaka jembamba la kulainisha) na rangi ya maji ya kawaida, ila chini karibu na sakafu rangi inavimba na kutoa unga mweupe. Nitumie rangi ya maji au mpaka ya mafuta? Naomba anijibu mtu anayeifanya hii kazi.

brashi_kavu_Lindi
Dada huo unga ndio wa kwanza, mishipa baadaye. Ni chumvi hiyo, unyevu unapanda na ukuta, maji yakikauka chumvi inabaki juu inasukuma rangi. Huku pwani nyumba nyingi zina hilo, na kama mchanga wa kujengea ulitoka ufukweni ndio kabisa. Angalia nje kama maji ya mvua yanasimama ukutani au kuna bomba linavuja, rekebisha hapo, halafu kwangua mpaka plasta, fagia kwa brashi kavu wala usioshe maana maji yataiyeyusha irudi ndani, acha ukauke sawasawa ndio uzibe na upige praima, yaani rangi ya kutangulia.

Rangi tumia ya maji, ya mafuta nyeupe inageuka njano ndani ya nyumba. Piga koti mbili za silki nyeupe, ile yenye mng'ao kidogo, sio ile ya kawaida isiyong'aa, kwa sababu ile inanyonya rangi ya juu hapo hapo hupati nafasi ya kuilainisha. Chukua nyeupe weka nyeusi kidogo sana, ongeza maji mpaka iwe nyepesi, gonga gonga na sponji yenye unyevu kwa mshazari, sehemu nyingine acha tupu kabisa, kisha kabla haijakauka pitisha brashi kavu laini juu juu tu mpaka usione alama ya sponji. Joto la huku linakausha haraka kwahiyo zima feni na fanya kipande kidogo kidogo.

Mishipa chora na unyoya wa kuku. Chovya ncha, ushike kwa ulegevu, vuta huku unauzungusha vidoleni, mstari utanenepa hapa na kukonda pale wenyewe. Yote ielekee upande mmoja, igawanyike kama matawi na kupotelea, isikatane kama wavu, hapo ndipo wengi wanapoharibu.

wa_mikindani
Mi ningekushauri uige jiwe la kwetu. Nenda Mikindani kaangalie zile nyumba za zamani plasta ilipobanduka, matumbawe na chokaa, na kule Kilwa Kisiwani msikiti mkuu umejengwa hivyo hivyo. Rangi ya mchanga mchanga na vitundu, nzuri mno na hakuna atakayekuwa nayo mtaani kwako.

mama_shangani
Asante sana nyote. Wa Mikindani hilo la matumbawe nimelipenda nitaliweka barazani, ila sebuleni nabaki na marumaru. Brashi kavu, ukuta una urefu wa kama mita nne, nichore mfululizo wote?

brashi_kavu_Lindi
Hapana, jiwe hukatwa vibao. Gawa ukuta kwa penseli na rula ndefu vipande vikubwa vinavyolingana, bandika selotepu ya karatasi pembeni ya kipande unachofanya, ukimaliza ruka kimoja ufanye cha mbele ili usiguse kibichi. Mshipa ukifika kwenye kiungo ufe hapo, kibao cha pili kiwe na wake, jicho linadanganyika hapo kuliko pengine popote. Mwisho vanishi ya maji, koti mbili nyembamba, isiyong'aa sana maana ukuta wa nyuma ya tivii ukimetameta utaona kila wimbi la skimu.