Vita vya Wagiriki na Waajemi: Mwajemi mwenyewe alisema nini?

nyarkisumo (Kisumu)

Wakuu, hamjambo. Niko mwaka wa tatu, nasoma historia, chuo kiko hapa hapa mjini. Wiki jana nilirudishiwa insha ya vita vya Ugiriki na Uajemi: 11 kwa 30. Pembeni mhadhiri ameandika kwa kalamu nyekundu, "Vyanzo viko wapi? Hii ni sinema." Kusema kweli hajanionea. Wale askari 300 wa Sparta niliwajazia kurasa mbili nzima, na mengi niliyatoa kwenye video.

Nimepewa hadi Ijumaa ijayo niandike upya. Nimeanza kumsoma Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, kwa simu, jioni nikiwa kwenye kibanda cha mama cha M-Pesa pale Kibuye, katikati ya wateja. Ni mtamu, sikatai. Lakini naona kila kitu kinasemwa na Mgiriki. Mwajemi mwenyewe alisema nini? Na nikisoma kwamba Xerxes, mfalme wa Uajemi, alikuja na watu zaidi ya milioni tano, nicheke au ninukuu?

bwana_chaki (Kakamega)

Pole dada. Nafundisha sekondari huku, na insha za sinema nazijua hata kabla sijafungua ukurasa.

Mimi ningekutoa kwa Herodotus kwanza nikupeleke kwa Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Kigiriki. Tamthilia yake ya Waajemi ilichezwa Athens mwaka 472 KK, miaka minane tu baada ya vita vya baharini vya Salamis, Xerxes aliposhindwa. Yeye alipigana Marathon, vita vya kabla ya hapo, na kati ya waliokaa kumtazama walikuwamo watu waliovuta makasia Salamis kwa mikono yao. Merikebu za Wagiriki anasema 310. Herodotus, ambaye wakati wa vita alikuwa mtoto, anasema 378. Mimi namwamini aliyekuwapo.

Ila ujihadhari. Mchezo umewekwa Susa, mji wa kifalme wa Waajemi, mama wa Xerxes analetewa habari za maafa, Waajemi wanalia mwanzo hadi mwisho. Kilio chote hicho kimetungwa na Mgiriki.

kachumbari_moto

Xerxes si ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta? Majimbo 127, tangu Bara Hindi mpaka Kushi. Nukuu hiyo umalize, ukalale.

nyarkisumo

Nikinukuu hiyo zile 11 zitabaki 6 😂

mzee_wa_stoo (Nakuru)

Hatujambo, binti. Mimi si msomi wa chuo. Nimekaa stoo ya nafaka hapa Nakuru miaka 26, magunia yakiingia nahesabu, yakitoka nahesabu, natia sahihi. Herodotus nilimnunua kwa wauza vitabu vya mitumba, hana jalada, na kitabu cha saba kina doa la chai ambalo si langu. Kwa hiyo nitakuambia ninachokijua, nacho ni chakula.

Hiyo milioni tano usiicheke, na usiinukuu ikiwa mbichi. Ipime kwanza. Herodotus anaeleza jinsi jeshi la nchi kavu lilivyohesabiwa: walikusanya watu 10,000 wakawabananisha, wakachora duara kuwazunguka, wakawatoa, wakajenga ukuta wa kufika kitovuni juu ya ule mstari, kisha wakawa wanajaza watu ndani na kuwatoa, wanajaza na kuwatoa, hadi ikafika 1,700,000. Hiyo si ni gorogoro, binti? Mama yako akinunua mahindi sokoni hahesabu punje. Njia haina ubaya. Ubaya huwa kwa anayechota, na kwa anayeandika umechota mara ngapi.

Baadaye anaongeza wanamaji, anaongeza waliojiunga njiani, halafu anakadiria watumishi kuwa sawa na wapiganaji. Jumla 5,283,220. Hapo ndipo anafanya jambo lililonifanya nimpende: anauliza watu hawa watakula nini. Kila mmoja anampa khoiniksi moja ya ngano kwa siku, kipimo kisichofika hata nusu ya gorogoro. Khoiniksi 48 ni medimno moja. Anapata medimno 110,340 kwa siku.

Nilitoa kalkuleta. Haitoki 110,340, inatoka 110,067. Ametuongezea medimno 273. Kwetu stoo kwa kosa hilo unaitwa ofisini na mlango unafungwa.

Lakini hata tukimsamehe. Medimno ya ngano nikiikadiria kilo 40, hayo ni magunia ya kilo 90 kama 49,000, kila siku ya Mungu. Malori ya tani 28 zaidi ya 150 kila siku, na farasi bado hawajala. Mimi nimewahi kupokea malori 11 kwa siku moja, na jioni sikuweza kuinua mkono. Na Herodotus mwenyewe aliliona hilo! Anasema hashangai kwamba mito mingine ilikauka, anashangaa chakula kilitosha vipi. Sasa hapo una cha kuandika: idadi haiwezekani, na aliyeiandika alihisi.

Twende kwa Mwajemi. Hadithi ya vita hivi iliyoandikwa na Mwajemi haijatufikia hata moja. Kuna mwamba wa Behistun, kule Iran, ambapo Darius, baba yake Xerxes, alichonga kwa lugha tatu jinsi alivyotwaa ufalme. Hauzungumzii Ugiriki, ila unakusaidia kumjaribu Herodotus: wenzake Darius walikuwa sita, na majina matano kati ya aliyotaja Herodotus yako pale kwenye mwamba. Matano kwa sita! Mtu aliyeyaokota kwa masikio, miongo mingi baadaye.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni stoo ya Persepolis, mji mwingine wa kifalme wa Waajemi. Mwaka 1933 na 1934 wachimbaji walikuta ndani ya ngome maelfu ya mabamba madogo ya udongo, mengi kwa Kielamu, lugha ya kale ya huko, ya tangu 509 hadi 493 KK. Wanazuoni walipoyasoma, ni stakabadhi. Nafaka kiasi fulani, imetolewa na fulani, imepokewa na fulani, mwezi, mwaka, muhuri. Nilisoma nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea kwamba mwanamke aliyejifungua mtoto wa kiume alipewa posho mara mbili ya aliyejifungua wa kike. Hakucheka.

Moja katika hizo linamtaja mtu anayeitwa Datiya. Alipokea vipimo saba vya bia, kama lita 70 (natumaini alikuwa na wenzake), akiwa na hati ya mfalme, ametoka Sardis, mji wa Waajemi huko magharibi karibu na Wagiriki, anakwenda kwa mfalme Persepolis, mwaka wa 27 wa Darius. Ni mwanzoni mwa 494 KK, wakati maasi ya Wagiriki wa Ionia, waliokuwa chini ya Uajemi, yanakaribia kuzimwa. Wasomi wanaona huyo ndiye Datis, yule aliyeshuka Marathon mwaka 490. Herodotus anamjua akiwa na merikebu 600 nyuma yake. Karani wa Persepolis anamjua kwa bia. Alikuwa na shughuli gani Sardis, karani hakuandika. Makarani hatuandiki hayo.

Tafsiri za mabamba zaidi ya 2,000 alizotoa Richard Hallock mwaka 1969 utazipata bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Chicago. La Datiya halimo humo, lilichapishwa na David Lewis mwaka 1980.

nyarkisumo

Mzee, asante sana. Nimegawa mwenyewe hapa kibandani: 110,067 na masalio 4. Mteja ameniuliza kama hiyo ndiyo salio yake.

Swali moja tu. Yapo mabamba yanayotaja Marathon yenyewe?

mzee_wa_stoo

Hayapo. Yanaishia 493, Marathon ni 490. Usiyalazimishe.

Mimi ningekuwa wewe ningeachana na Xerxes nimshike Datis peke yake. Bamba moja, na kitabu cha sita cha Herodotus. Humo Datis anafukiza ubani wa uzito wa talanta 300 kwenye madhabahu ya Delos, kisiwa kitakatifu cha Wagiriki, kabla ya vita, na baada ya kushindwa anakuta sanamu ya Apollo iliyoibwa ndani ya merikebu ya Wafoinike, anaipeleka Delos mwenyewe ili irudishwe kwao. Adui gani huyo kwenye sinema yako?

bwana_chaki

Mzee, nakubali, ila Aeschylus asimwache. Aya moja tu.

nyarkisumo

Nitamweka, mwalimu. Na tafadhali someni kitabu cha pili. Herodotus alimuuliza karani wa hekalu kule Misri mto Nile unatoka wapi, akaambiwa unabubujika katikati ya milima miwili, Krophi na Mophi. Anasema alihisi karani anamtania. Nimeyasoma hayo Ziwa Victoria likiwa mgongoni kwangu.

mzee_wa_stoo

Karani anayetania, sahihi yake usiipokee. Sasa weka simu chini, watu wanangoja kutoa pesa.