Ukoo wa Bibi Chumbageni 🌴: Zu kaenda kutembezwa chuo

*Ijumaa*

Mama Zu: Asalaam alaykum familia. Tumefika Columbus salama, tumetoka Dayton alfajiri baba Zu kaendesha saa nzima na ushee hajasema neno, kawaida yake. Leo ndo Zu anatembezwa chuo, shule yake imempa ruhusa

Shangazi Maskati: Waalaykum salaam wifi. Ndo kile kikubwa?

Mama Zu: Ohio State. Wifi ukubwa wake usiulize. Mimi nasubiri geti, nasema tukifika getini nitavaa mtandio wangu vizuri, kumbe geti hakuna, tupo barabarani taa mabasi maduka hospitali, namuuliza Zu chuo kiko wapi ananambia mama tupo ndani kitambo

Ba'mdogo Tanga: 😂😂😂 Picha ya uwanja Zu!! Nimesikia hao wana uwanja

Zu: Shikamooni wote. Ba'mdogo huo hapo 👆 wanauita Horseshoe, una umbo la kiatu cha farasi. Umefunguliwa 1922, unaingiza watu laki moja na elfu mbili na zaidi

Ba'mdogo Tanga: LAKI??? Kwa Mkapa elfu 60 siku ya dabi tunakaliana mapajani. Na huu ni wa chuo??

Zu: Wa chuo. Kesho kuna mechi, watu washaanza kujenga mahema leo

Ba'mdogo Tanga: Mpeni huyo mtoto akasome hapo tumemaliza kikao

Kaka Mlimani: Ba'mdogo tulia kwanza 😂 Zu wanafunzi wangapi hapo?

Zu: Kampasi ya Columbus peke yake zaidi ya elfu 60. Yaani uwanja wa Mkapa ujae halafu wote wawe wanafunzi

Dogo Chumbageni: Bibi kasema mtoto atapotea huko

Zu: Shikamoo bibi 😅 sipotei, basi la chuo ni bure linazunguka, na kuna nguzo za simu za dharura ukibonyeza askari wanakuja

Dogo Chumbageni: Bibi kasema marahaba. Na kasema kama wameweka vitu vya kuita askari basi wanajua kuna jambo

Shangazi Maskati: 🤣🤣 mama huyo hashindwi

Zu: Ziara inaanza nawaacha

*Baadaye*

Mama Zu: Skieni. Anatutembeza binti wa mwaka wa tatu, anatembea KINYUMENYUME huku anaongea na sisi, hajigongi popote, ngazi anapanda mgongo mbele. Baba Zu badala ya kuskiliza anamwangalia miguu aone ataanguka saa ngapi

Mama Zu: Tumepita uwanja wa nyasi unaitwa The Oval, njia zinakatana katikati kama nyuzi za kapu, watoto wamelala chini wanasoma. Jirani yake jengo la mawe la 1893, Orton, lina kengele juu inalia kila baada ya muda na ndani kuna mifupa ya mnyama mkubwaaa wa zamani sijashika jina. Halafu maktaba. Maktaba sijui niwaeleze vipi

Zu: Thompson. Mi nieleze. Ina ghorofa 11 na ukipanda ile ya juu unaona kampasi yote na majengo marefu ya mjini. Halafu katikati wameacha wazi kwahyo ukisimama chini unaona vitabu kwenye vioo ghorofa baada ya ghorofa. Na sakafuni wamechomeka vibao vya chuma vyenye maandishi ya lugha za dunia. Nilitaka kukaa pale wasinitoe

Kaka Mlimani: Hapo ndo nimekuonea wivu wa kweli. Ila na sisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, tuna maktaba ile waliojenga Wachina 2018, usitudharau. Shida yetu ni kitanda sio kitabu. Mwaka wa kwanza nilibebwa Hall 5, kitanda cha mtu mmoja tunalala wawili, mwenye chumba anageuka na mi nageuka

Ba'mdogo Tanga: Na boom, ile pesa ya mkopo, likitoka mnahamia Sinza

Kaka Mlimani: Boom likitoka tunalipa madeni ya chipsi ba'mdogo, usituharibie jina

Shangazi Maskati: Haya turudi. Zu wamekupa hiyo skolashipu?

Zu: Hawagawi leo shangazi 😂 hata maombi sijatuma, mwisho kwa anaetaka skolashipu ni tarehe 1 Novemba

Shangazi Maskati: Si uliniambia umealikwa siku ya wanafunzi bora

Zu: Ndio, siku ya honazi

Dogo Chumbageni: Bibi anauliza hiyo honazi ndo nini ni ugonjwa?

Zu: Hapana bibi 😭 ni programu ya wanafunzi waliofaulu zaidi, ndani ya chuo hichohicho

Kaka Mlimani: Skia hapa ndo pa muhimu, wameeleza pesa ni ngapi?

Mama Zu: Hapo ndo palikuwa na mambo. Tuko ukumbini wazazi kama mia, wamevaa vizuri, wanauliza maswali ya utafiti, maprofesa, kwenda kusoma Ulaya muhula mmoja. Baba Zu kanyoosha mkono. Mtu hajaongea tangu Dayton. Kasimama kabisa. Kauliza "this honors, it pays?"

Shangazi Maskati: 😂😂😂😂 kaka yangu

Zu: Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini wazazi wengine wote wakaacha kuandika wakainua vichwa

Ba'mdogo Tanga: Walikuwa wanaona haya wao. Jibu likawaje?

Zu: Jibu ni HAPANA. Yaani kuingia honazi hakuna pesa ndani yake. Honazi ni namna ya kusoma. Unapata madarasa madogo badala ya yale ya watu mia tatu ukumbini, unachagua vipindi kabla ya wenzako, una mshauri wako, mwisho unaweza kuandika tasnifu na profesa. Pesa ni maombi mengine, zinatoka sehemu nyingine. Kuna watu wako honazi hawana hata senti na kuna watu wana pesa hawako honazi

Kaka Mlimani: Umeona!! Watu wengi wanachanganya hapo. Mtu anapost barua ya honazi ukoo mzima unachinja mbuzi kumbe bili inakuja palepale

Shangazi Maskati: Kwahyo hakuna ya kulipiwa yote?

Zu: Ipo, inaitwa Eminence, inalipa gharama yote ya kuishi na kusoma. Ila wanachukua wachache sana, insha zake peke yake, halafu usaili. Chini ya hapo kuna za matokeo, zinakata kipande cha ada, hizo wanakuangalia wenyewe ukituma maombi kabla ya tarehe

Mama Zu: Na mimi nikauliza langu. Nikasema hiyo pesa mkimpa mwaka wa kwanza mwaka wa pili inakuwaje? Maana tumeshawaona watoto wa watu hapa Dayton wanafurahi mwaka mmoja halafu wanarudi nyumbani. Wakasema inaendelea hadi semista 8, awe anasoma kikamilifu na GPA, wastani wa alama, isishuke chini ya kiwango. Semista ya tisa unajitegemea

Ba'mdogo Tanga: Shemeji umeuliza kama wakili

Mama Zu: Nafanya shifti ya usiku shemeji lazima niulize

Kaka Mlimani: Ada yenyewe?

Zu: Sisi ni wakazi wa Ohio kwahyo ada ni kama dola elfu 13 kwa mwaka. Anaetoka jimbo lingine analipa kama mara tatu. Ila chumba na chakula vinakaribia ada yenyewe au vinaipita. Kwahyo ukisikia mtu kapewa "ada yote" bado nusu ya mzigo iko mgongoni

Baba Zu: Atalala nyumbani

Shangazi Maskati: Kaka umeamka!

Baba Zu: Atalala nyumbani. Nitampeleka na kumrudisha

Zu: Baba tuliambiwa. Miaka miwili ya kwanza lazima ukae chuoni, labda uwe unaishi na wazazi maili 25 au chini ya hapo. Dayton ni kama 70

Baba Zu: Niliskia

Mama Zu: Aliskia. Ndo maana alinyamaza chakula chote cha mchana

Shangazi Maskati: Mmekula wapi?

Mama Zu: Wifi tumepita Cleveland Avenue kwa Wasomali. Hapa Columbus wamejaa hao, nimeskia ukitoa Minneapolis hakuna mji wa Marekani wenye Wasomali wengi kama huu. Wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni nzima haijamenywa. Mwenye mgahawa kaskia tunaongea Kiswahili kaja kutusalimia, kakulia Mombasa, bizari anaijua. Tulivyomwambia tumetoka kuona chuo kagoma kuchukua pesa ya chai

Dogo Chumbageni: Bibi kasema alhamdulillah. Anauliza hayo mabweni, wanawake peke yao?

Zu: 😬

Kaka Mlimani: Zu jibu tu

Zu: Bibi majengo mengi yamechanganyika ila chumba ni wasichana kwa wasichana. Unajaza fomu, na kama una rafiki yako mnaweza kuchaguana

Dogo Chumbageni: Bibi amenyamaza

Dogo Chumbageni: Bado

Dogo Chumbageni: Kasema na choo?

Zu: Inategemea jengo bibi. Nitaomba lile lenye choo ndani ya chumba. Na jengo la wanafunzi, Ohio Union, lina chumba cha kuswalia, nimekiona kwa macho yangu, mikeka ipo

Ba'mdogo Tanga: Mi naona kwanini asianze pale chuo cha Sinclair hapohapo Dayton miaka miwili rahisi analala kwao halafu anahamia huko kwenye uwanja?

Mama Zu: Shemeji hata sisi tuliwaza hivyo, watoto wengi wa hapa wanafanya na wanafika vizuri tu

Kaka Mlimani: Inafaa kwa mtu ambae hana skolashipu. Ila hizi kubwa karibu zote wanataka mtu anaeingia mwaka wa kwanza moja kwa moja toka sekondari. Ukihamia baadae unakuta meza ishafutwa. Kwa matokeo ya Zu ajaribu kwanza, akikosa Sinclair haikimbii

Baba Zu: Nimeona kitu

Shangazi Maskati: Haya kaka tunakuskiliza

Baba Zu: Wana uwanja mwingine wa riadha, umeandikwa Jesse Owens. Huyu alisoma hapa. Mwaka 1935 Ann Arbor ndani ya saa moja haijaisha kavunja rekodi tatu za dunia na moja kaifikia, mwaka uliofuata Berlin dhahabu nne mbele ya Hitler. Lakini alipokuwa anasoma hapa skolashipu hakuwa nayo, alikuwa anafanya kazi kujilipia, na bwenini hakulala kwa sababu ni mweusi, alipanga nje na wenzie. Digrii hakumaliza. Wakampa ya heshima 1972, mtu mzima ana wajukuu. Sasa yule binti anaetutembeza ni mweusi, analala bwenini, na anawaonyesha wazungu njia

Ba'mdogo Tanga: Bro

Shangazi Maskati: Kumbe ulikuwa unawaza hayo njia nzima

Baba Zu: Nilikuwa nawaza paking pia. Paking ya hapa ni wizi

Zu: 😂😂😂

Shangazi Maskati: Kwahyo unakubali alale huko?

Baba Zu: Sijasema hivyo. Nimesema nimeona

Kaka Mlimani: Sawa ba'mkubwa. Sasa kazi. Zu FAFSA umejaza, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo?

Zu: Bado

Kaka Mlimani: Jaza. Ile ni bure, mtu akikuambia lipia huyo ni tapeli. Usisubiri majibu ya skolashipu, ni vitu viwili tofauti. Pale wanaangalia kipato cha wazazi, ukipata Pell Grant hairudishwi

Ba'mdogo Tanga: Kama bodi ya mikopo ya kwetu?

Kaka Mlimani: Bodi ni mkopo ba'mdogo, mi nitakatwa mshahara mpaka nioe. Kule kuna vya aina tatu vinakuja kwenye barua moja, cha bure, cha kufanya kazi chuoni, na mkopo. Wanavipanga pamoja wanajumlisha chini unaona namba nzuri unashangilia. Zu barua ikija chukua kalamu kata mkopo wote kwanza, kinachobaki ndo msaada

Mama Zu: Hilo nimelipenda, naliandika

Zu: Shida ni kodi ya baba. Ana lori lake hana W-2, ile karatasi ya mshahara ya mwajiri, mahesabu yake yako kwenye boksi la viatu

Baba Zu: Boksi lina mpangilio

Mama Zu: Halina

Shangazi Maskati: Mimi nilipie nini sasa? Semeni mapema kabla sijatuma pesa ya Iddi kwa watu wasiosoma

Ba'mdogo Tanga: Dada hilo jiwe limenipiga mimi

Zu: Shangazi bado hakuna cha kulipa ila ada ya maombi na shule yangu inaweza kuniombea wasiitoze. Ila kaka Mlimani naomba unisomee insha. Swali wanauliza utaleta nini kwenye jumuiya, nimeandika kuhusu kumtafsiria mama na majirani hospitalini

Kaka Mlimani: Tuma. Ila usiandike kwa huruma, andika ulichokuwa unafanya, nani alisema nini, daktari alielewa vipi. Wale wanasoma elfu kwa elfu za machozi

Mama Zu: Aandike na ile ya mzee wa Burundi na dawa za presha. Tena hospitali ya chuo iko palepale kampasi, nimeiona, kubwa, nimesimama nje nikaangalia manesi wanabadilishana zamu. Huyu anataka udaktari, atashuka bwenini anavuka barabara tu

Dogo Chumbageni: Bibi kasema akivuka aangalie pande zote mbili. Na kasema huyo mwenzie wa chumbani jina lake lije hapa kwanza, atajua cha kusema

Zu: Bibi sijakubaliwa hata chuo 😭

Dogo Chumbageni: Kasema lije

Kaka Mlimani: Zu nasubiri insha usiku huu, kesho nina mtihani

Baba Zu: Mama Zu lile boksi umeliweka wapi

Mama Zu: Chini ya kitanda upande wako. Na Jumatatu ofisi yao ya misaada ikifungua, nitapiga nikitoka shifti, nina swali la hicho chumba na chakula